Agathe na Kilio Kisicho na Mpaka

Mtu akikuambia kwamba Agathe alikuwa mkaidi, usimwamini upesi. Nitakusimulia ilivyokuwa, kisha utaamua mwenyewe, ingawa nakuonya mapema kwamba hata waliokuwepo hawakubaliani mpaka leo.

Agathe alizaliwa Uvira. Alifika Durban mwaka wa tisini na saba, baada ya Kigoma, Lusaka na sehemu nyingine ambazo hapendi kuzitaja. Alikuwa mwanamke mpole wa sauti, mwenye mwendo wa mtu aliyebeba sufuria iliyojaa hata akiwa mikono mitupu. Alipanga chumba karibu na Albert Park pamoja na Marie, msusi wa Bukavu aliyezoea kumwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu Agathe alimzidi umri. Binti yake, Larissa, alikuwa amebaki Kigoma kwa shangazi, na kila alichokifanya Agathe katika mji ule, kufagia, kufua, kupiga pasi mashuka ya watu, alikifanya ili Larissa aje.

Sasa basi, mwaka uliofuata mlango ukafunguka. Kulikuwa na mama mmoja Westville, Mrs. Govender, mwenye chekechea ya watoto wa watu wa chuo kikuu, aliyekuwa akitafuta mpishi. Si kibarua cha siku mbili kwa wiki. Kazi ya kudumu. Alionja wali wa Agathe, akaonja maharage, akasema aanze Jumatatu. Akaongeza, bila ubaya wowote, kwamba asipotokea Jumatatu asubuhi wapo wengine wanaongoja.

Hilo lilikuwa Jumatano. Jioni ya siku hiyo hiyo Agathe alikwenda darasani kwa Gilbert.

Gilbert alikuwa Mtanzania wa Muheza, mpakiaji mizigo kwenye ghala moja kule bandarini, na kila Jumatano jioni aliwafundisha wageni wenzake Kiingereza katika ukumbi wa kanisa. Hakuna aliyemtuma. Jumatano hiyo alichora mstari mrefu wa chaki ubaoni, toka juu hadi chini, na upande wa kushoto akachora kuku.

“Kuku akiwa huku,” akasema, “yuko ‘within’. Ametulia, hana kesi na mtu. Akisogea mpaka mdomo ukagusa mstari, hiyo ni ‘up to’. Mstari wenyewe ndio ‘limit’.” Akachora kuku mwingine upande wa kulia, mbaya kuliko wa kwanza. “Huyu amepita. Tunasema ame-‘exceed’. Yuko ‘beyond’. Na huko aliko, dada zangu, ndiko anakokamatwa.”

“Ule ni kuku ama ni viazi?” Marie akauliza.

“Ni kuku, Marie.”

“Haya. Nani anamukamata?”

“Polisi. Hujaona vibao vya mwendo barabarani? Ukizidi, unasimamishwa.”

Agathe akainua mkono. “Mwalimu, huu mstari, nani ameuchora?”

“Si mimi hapa, na chaki yangu?”

“Hapana, nauliza juu ya kuku. Kuku anajua namna gani kama mstari iko?”

Ukumbi mzima ukacheka. Gilbert naye akacheka, akapangusa chaki kwenye suruali. “Dada Agathe, kuku hajui. Ndiyo maana analiwa.”

Agathe hakucheka. Aliandika maneno yote kichwani, akaenda nayo nyumbani.

Asubuhi iliyofuata alikwenda Morningside kwa Mrs. Hallam, ambako alifanya usafi Jumanne na Alhamisi. Alimwita Madame, na yeye Madame alimwita Agatha, na hakuna aliyewahi kumsahihisha mwenzake. Alikuta geti liko wazi, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwenye mtaa ule wa kuta na nyaya za umeme. Madame alikuwa amesimama jikoni na vikombe viwili vya chai mbele yake. Akasema kwamba mumewe alikuwa amefariki hospitalini alfajiri ile. Kisha akatazama kikombe cha pili kana kwamba ndicho kilichomwambia.

Agathe aliweka mkoba chini. Akaenda sebuleni, akavua viatu, akaketi sakafuni karibu na kiti cha Madame.

Hapa inabidi nikueleze, maana usipoelewa hili hutaelewa lolote. Kwa kina mama yake Agathe, mfiwa haachwi peke yake. Unakuja, unakaa chini, unakaa. Mfiwa mwenyewe, kwa adabu yake, atakuambia nenda nyumbani, watoto wako wana njaa. Ni wajibu wake kusema hivyo. Wajibu wako wewe ni kutosikia. Agathe alikuwa na shangazi yake kule Uvira aliyeambiwa nenda, akaenda kweli, na akasimangwa sokoni mpaka nywele zikawa nyeupe: ndiye yule aliyeambiwa aende akaenda! Ruhusa haitoki mdomoni. Mwenye kilio huleta beseni kwa mkono wake, anakumwagia maji, unanawa, unaondoka bila kuaga. Au la, mwanamke mwingine anakuja anashika nafasi yako, ili mahali pako pasipoe. Zaidi ya njia hizo mbili, hakuna kuondoka.

Kwa hiyo Agathe alikaa, akisubiri wanawake wengine waje. Alijua watakuja. Nyumba kubwa namna ile, mtu mwenye umri ule!

Walikuja kweli. Walipiga simu kwanza kuuliza kama wanaweza kuja. Walileta vyakula kwenye bakuli za kioo zilizofunikwa kwa karatasi ya kung’aa, wakasimama barazani, wakamshika Madame kiwiko, wakasema hawataki kumchosha. Mmoja hakuzima hata gari. Hakuna aliyekaa zaidi ya kikombe kimoja. Nyani wadogo wa mtaa ule walidumu kuliko wao: waliingia kwa dirisha la jikoni wakakaa mezani wakala pai ya kuku mpaka wakashiba.

Jioni Madame akaja sebuleni, akasema kwa upole kwamba Agatha hana haja ya kukaa “beyond” saa kumi na moja.

Agathe akalijua neno. Alilisikia jana tu. Lakini polisi wa Gilbert hawakuwa na sauti ile, wala hawakushika trei yenye biskuti. Alitikisa kichwa kwa heshima, akabaki. Alimpigia Marie simu, Marie akaja na mkeka na kitenge, akavipitisha getini. Madame akampa Agathe chumba cha wageni, kitanda cha mito minne. Agathe akakataa. Nani analala kitandani wakati wa kilio? Madame alipotaka maji ya kunywa alilazimika kuzunguka mkeka, akiomba radhi kila mara, na Agathe naye akimwomba radhi.

Ijumaa Madame alimwambia kwamba amefanya “more than enough”. Agathe akahesabu maneno: zaidi ya kutosha. Yaani mstari umepitwa. Lakini Madame alisema hivyo akiwa amemshika bega, macho yamejaa machozi. Mtu anakuzuia huku amekushika? Jumamosi akamwambia kuna “limit” ya mambo ambayo mtu anaweza kumwomba mwenzake. Kwani nani aliomba? Halafu Agathe akamsikia akizungumza na simu mlango umefungwa nusu, akashika maneno mawili tu, “woman” na “carpet”, mwanamke na zulia, na sauti ile haikuwa ya shukrani.

Sasa sikiliza upande wa pili. Madame huyo huyo, tangu Alhamisi, aliacha kulala chumbani kwake. Alikuwa akisinzia kwenye kiti cha sebuleni, na mkono wake ukaning’inia mpaka karibu kabisa na mkeka. Ukimuuliza Agathe, mkono ule ulikuwa unamshikilia. Ukimuuliza mtu mwingine, ulikuwa mkono wa mtu aliyelala.

Na mazishi? Agathe aliuliza kwa Kiingereza chake cha vipande vipande. Madame akajibu kwamba wanamngoja mtoto wao wa kiume atoke Australia, kwa hiyo ibada itakuwa Ijumaa ijayo. Ijumaa! Na Jumatatu ilikuwa Westville. Na wanawake wa kushika nafasi hawakuwepo, na beseni halikuletwa.

Jumapili mchana kengele ya geti ikalia. Alikuwa Gilbert, amevaa koti la ibada, na Marie nyuma yake, viatu mkononi kwa sababu ya mlima.

“Yaya!” Marie alianza hata kabla ya kufika barazani. “Kesho kazi iko! Unakaa hapa unafanya nini? Unangoja ule mzee afufuke?”

“Punguza sauti, kuna msiba.”

“Msiba iko wapi? Sioni hata mtu moja! Sioni hata turubai!”

“Ndiyo maana nakaa, Marie. Nikitoka, nani atabaki?”

Madame akatoka, akawatazama wote watatu. Akadhani Gilbert ni mume wa Agathe, akamwambia kwamba mke wake ni mwanamke wa ajabu sana. Gilbert akaona haya mpaka masikioni. Akajieleza: yeye ni mwalimu tu, wamekuja kumchukua dada yao, kesho ana kazi muhimu Westville, lakini hawezi kuondoka mpaka Madame amruhusu.

“Lakini nimemruhusu!” Madame akasema. “Nimemwambia aende tangu Alhamisi. Kila siku nimemwambia.”

Gilbert akamgeukia Agathe. “Dada, anasema amekwambia uende.”

“Hajaniambia.”

“Anasema hujamwambia, Madame.”

“Basi mimi nimekuwa nikizungumza lugha gani?”

“Dada Agathe, kwa kweli, yeye alisema ‘beyond’, alisema ‘more than enough’, alisema ‘limit’. Mimi mwenyewe ningeshafika Pietermaritzburg.”

“Mwalimu, wewe usinichekeshe kwenye kilio. Alisema ule maneno yote, ndiyo. Alisema vizuri. Na kila siku analeta chai. Juu ya nini mtu anakufukuza na anakuletea chai? Mweleze maji.”

Basi wakaingia sebuleni, Gilbert akaeleza. Alieleza kwa jasho, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kufundishia na si cha mambo kama haya. Akaeleza beseni, akaeleza mikono, akaeleza kwamba wakishanawa mambo yamekwisha na hakuna deni la huzuni kwa yeyote. Kwao Muheza, akasema, wana namna nyingine, lakini anaielewa hii. Marie akadakia kwa Kiswahili kwamba kama hakuna beseni hata sufuria itafaa, Mungu ataelewa.

Madame alisikiliza mpaka mwisho. “Hilo tu?” akauliza. Akaenda jikoni.

Walisikia bomba likifunguliwa. Walisikia maji yakigonga kitu cha bati. Agathe akasimama, akakunja kitenge, akajifunga upya, tayari. Marie akaanza kuuviringisha mkeka. Bomba likafungwa. Wakangoja. Kisha wakasikia maji yale yakimwagwa, yote kwa mara moja. Hata leo Gilbert akifika hapo katika kusimulia huwa anakohoa.

Madame alirudi na bakuli tupu. Alikaa kwenye kiti chake, akaliweka magotini, akasema jambo taratibu bila kumtazama mtu.

“Amesema nini?” Agathe akauliza.

Gilbert akakuna shingo. “Amesema anajua hana haki ya kuomba lolote ‘beyond’...”

“Beyond nini?”

“Hajamaliza.”

“Hajamaliza nini?”

“Sentensi, dada. Hajaimaliza sentensi.”

Wakabaki pale, watu wazima wanne, na hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake. Siku zote Madame alisema nenda, na Agathe akasikia kaa. Sasa hakusema kaa, lakini hakuna aliyekuwa na shaka. Na ukifikiri Agathe alifurahi, hapana. Alikuwa amejiandaa kunawa. Alikuwa na Westville kichwani, sufuria za Westville, na Larissa akishuka kwenye basi. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alimkasirikia Madame kweli kweli, akashangaa kujiona amemkasirikia mfiwa.

“Mwalimu,” akasema, “mwambie...” Naye hakumaliza.

Ni Marie aliyeutandika mkeka upya. Aliurusha chini, paa, akaketi juu yake na sketi yake ya kanisani.

“Nenda kazini, yaya. Mi nitakaa. Jumatatu saluni tunafunga.”

“Marie, wewe humjui hata huyu mama.”

“Na wewe ulimjua ule marehemu? Si ulikuwa unamfulia soksi tu? Nenda, bana, kabla sijabadili mawazo.”

Madame akauliza huyu ni nani sasa. Gilbert akasema ni mdogo wake Agathe. Madame akamtazama Marie, akautazama mkeka, akauliza kwa sauti ndogo, “Wako wangapi?”

Jumatatu asubuhi Agathe alikuwa Westville kabla geti la chekechea halijafunguliwa. Alipika uji, akapika wali na dengu, Mrs. Govender akaonja, akaenda kuleta bakuli la pili. Agathe alipaswa kufurahi. Lakini siku nzima akili yake ilikuwa mlimani Morningside. Je, ameondoka sawa? Marie hajui Kiingereza hata cha kuombea chumvi. Je, kama Madame amemtoa? Je, kama hakumtoa? Mara mbili alitia chumvi kwenye sufuria moja, akabahatika kuikumbuka ya pili kabla haijayeyuka, akaichota na kijiko.

Alipotoka hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja Morningside, akaingia kwa mlango wa nyuma, na akiwa bado jikoni akasikia kicheko. Si cha Marie peke yake.

Sebuleni Madame alikuwa ameketi chini. Chini, sakafuni, miguu imenyooshwa kama msichana. Marie alikuwa nyuma yake kwenye kiti, kitana mdomoni, akimsuka. Upande mmoja wa kichwa cha Madame ulikuwa umeshakwisha, vimistari vyembamba vya nywele nyeupe vimelala sawasawa. Upande mwingine ulisimama hovyo kama tangu Alhamisi.

“Hapana!” Agathe akapiga kelele.

Wote wawili wakashtuka.

“Marie! Wewe una akili? Mjane unamsuka? Mume wake hajazikwa unamsuka?”

“Ni yeye ameshika nywele yangu, akashika ya kwake, akanionyesha,” Marie akajitetea. “Ningefanya nini? Nilifikiri kwao ni sawa.”

“Kwao, kwao! Kwani mkeka ni wa kwao?” Agathe akamgeukia Madame, na Kiswahili kikamwishia, na Kifaransa, na alichobakiwa nacho ni yale maneno ya ubaoni. Akanyoosha kidole kwenye zile nywele zilizosukwa. “Madame. This, no. This is limit. This is beyond.”

Hakuwahi kumsemesha mwajiri namna ile maishani mwake. Alipojisikia, akashika fremu ya mlango. Basi nimemaliza, akawaza. Nimekaa siku zote hizi bila kosa, nimekuja kukosea leo.

Madame alimtazama kutoka sakafuni. Huwezi kujua uso ule ulikuwa umekasirika au la. Marie anasema ndiyo, Agathe anasema hapana. Alijipapasa kichwa, upande laini, kisha upande wa hovyo, kama mtu anayetafuta mahali pande hizo mbili zinapokutana.

“Mpaka lini?” akauliza.

Agathe akafungua mdomo. Mpaka tukishazika, alitaka kusema. Lakini alikuwa ameshaelewa kutoka kwa simu za wikendi kwamba mzee hatazikwa. Atachomwa moto, na majivu yatakaa hapo hapo nyumbani mpaka familia itakapoamua. Kaburi hakuna. Sasa mpaka lini? Akamtazama Marie. Marie akatazama kitana.

“Sijui, Madame,” akasema kwa Kiingereza. “Mimi pia sijui.”

Madame akaitikia kwa kichwa, polepole, kana kwamba hilo lilikuwa jibu zuri kuliko yote aliyopewa wiki ile. Kisha akainamisha shingo na kumwashiria Marie afumue. Marie akaguna kuwa kazi yote ile imepotea bure, lakini akafumua, mstari baada ya mstari. Agathe akavua viatu. Akaketi kwenye mkeka upande wa pili, aproni ya Westville bado kiunoni, akamwambia Marie akimaliza aende nyumbani akalale, yeye atakaa mpaka alfajiri, halafu atapanda teksi ya kwanza.